Masika Tuliyoweka Kabro

Jumapili, 18 Februari

Ndete, binti yangu, ameninunulia daftari hili. Anasema mwalimu mstaafu akikosa wanafunzi huanza kugombana na redio. Ni kweli nagombana nayo. Leo mtabiri wa hali ya hewa ametangaza kwamba masika haya yatakuwa na mvua kupita kiasi, tena kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi, halafu akaweka muziki. Nikamwambia aeleze kwanza sababu. Hakueleza.

Jambo kubwa la leo ni kwamba nimechaguliwa mwenyekiti wa uga wetu. Hapa Buruburu, Nairobi, kila uga una lango lake, kamati yake na vita vyake. Wetu ni nyumba kumi na mbili zinazotazamana kwenye mteremko mdogo, ambao huuoni mpaka uangushe chungwa ulione linakokwenda. Nyumba yangu iko juu, karibu na lango. Ya mwisho kule chini, ukutani, ni ya Muhiba na mumewe Jumbe. Katikati pana mzambarau. Jumbe ndiye aliyeupanda kwa mbegu aliyoitoa kwao Malindi, mwaka ule tulipohamia sote na nyumba bado zinanuka rangi.

Muhiba ndiye mtu pekee ugani anayeniita Mbithe. Wengine wote wananiita Mwalimu. Alikuja jioni kunipongeza, amebeba mkate wa sinia.

"Haya, mheshimiwa," akasema. "Usitusahau sisi wa bondeni."

Tukacheka sana. Mkate nimeumaliza peke yangu, na sukari yangu naijua.

Jumanne, 20 Februari

Zambarau zimeiva, uga mzima unateleza. Kezia, msichana anayepanga nyumba ya jirani yangu, amenifuata mpaka mlangoni na kitambaa mkononi.

"Mathee, cheki hii gari. Nimeiosha jana tu! Hizi vitu zinatoa rangi haitoki."

"Ifunike na turubai."

"Turubai, mathee? Hii ni gari ya kazi. Jana mteja ameniuliza kama nimegonga mtu."

Nilijizuia kucheka mpaka alipoondoka. Hawa wapangaji vijana wanakuja, wanalalamika, wanahama.

Alhamisi, 22 Februari

Joto. Maji ya mfereji hayakuja, ingawa leo ni zamu yetu.

Jumamosi, 24 Februari

Mkutano wangu wa kwanza nikiwa kwenye kiti. Tuliketi chini ya mzambarau wenyewe, jambo ambalo nikilitazama sasa naona halikuwa la adabu, maana huo ndio tuliokuja kuuhukumu.

Kilonzo ndiye mweka hazina wetu, dereva mstaafu wa serikali, na sauti yake bado ni ya kumwamrisha mtu asogeze gari. Alisimama kabla sijafungua ajenda.

"Mwalimu, hata wale wa court ya pili wameweka kabro. Ukiingia kwao unafikiri umefika Ulaya. Sisi bado tunakanyaga matope kama watu wa ocha, kule mashambani. Huu mti utoke, tuweke kabro kutoka ukuta hadi ukuta, magari yapate pa kulala."

Walipiga makofi. Nami niandike ukweli, kwa kuwa daftari ni langu. Nimewahi kusimama kwenye lango la uga wa pili nikayatazama yale matofali yao ya kabro, mekundu na ya kijivu, yamepangwa bila pengo, na roho ikaniuma. Wale watu si matajiri kutuzidi. Mwenyekiti wao alikuwa karani tu.

Jumbe hakuhudhuria. Tangu apate kiharusi miguu haimbebi, na ngazi za kwenda juu hazipandi tena, kwa hiyo walimtengenezea kitanda chumba cha chini, karibu na dirisha. Muhiba alikuja kwa niaba yake. Alisubiri makelele yatulie.

"Mimi sina gari," akasema, "kwa hivyo habari ya magari siijui. Nina swali moja tu. Sasa hivi mvua ikinyesha maji yanazama hapa mtini, kwetu kule chini yanafika kidogo. Mkiziba ardhi yote, yatakwenda wapi? Mbithe, wewe ndiye uliyesomesha mambo haya. Yatakwenda wapi?"

Nyuso zote zikanigeukia.

Jibu nilikuwa nalo, na ni refu. Majani hupokea mvua kabla haijagonga chini. Matone hushuka polepole kwa matawi na shina. Mizizi hulegeza udongo, udongo hunywa, na siku zinazofuata mti hurudisha sehemu ya maji hayo hewani kupitia majani. Ukiyaondoa yote hayo, kila tone la mapaa yetu litatafuta mahali palipo chini kabisa, na litafika haraka. Nimelichora hili ubaoni maisha yangu yote ya kazi, mishale ya chaki ya buluu ikipanda na kushuka. Lakini Kilonzo alikuwa ananitolea macho, Kezia amekunja mikono, na mimi nilitaka mkutano wangu wa kwanza uishe vizuri.

"Mtaro si upo nyuma ya nyumba yako, Muhiba?" nikasema. "Yatapita."

Alinitazama kidogo.

"Haya. Ukisema wewe, basi."

Tukapiga kura. Mikono yote ikapanda isipokuwa wake, na wangu ulikuwa miongoni mwa iliyopanda kwanza.

Jumatano, 28 Februari

Msumeno umelia kutwa. Walianza na matawi, wakashuka. Kila tawi lilipoanguka zambarau zilipasuka chini, na watoto wakazikimbilia wakifukuzwa.

Niliona pazia la Jumbe liko wazi. Muhiba alikuja kulifunga, nikamsikia Jumbe akimwambia aliache. Amelala pale akatazama mpaka mwisho.

Wanafunzi wangu walikuwa hawaniamini nikiwaambia kwamba mti haujengwi kwa udongo. Unajengwa kwa hewa. Ile hewa tunayoitoa puani, na moshi wa majiko na magari, ndani yake mna kaboni, na jani huivuta likaifanya mbao. Jioni nimelitazama rundo la magogo ugani nikawaza kwamba pumzi zetu zimo humo, za walio hai na za marehemu mume wangu aliyekuwa akivuta sigara yake pale pale chini ya mti kila Jumamosi. Nikaona haya ni mawazo ya mtu mwenye njaa, nikaingia ndani nikapika chai.

Ijumaa, 1 Machi

Sebule yangu ina mwanga mwingi ajabu. Naupenda.

Jumatano, 6 Machi

Mafundi wa kabro wamefika. Wameshindilia ardhi kwa mashine mpaka vikombe vyangu vikacheza kabatini. Kiongozi wao aliniuliza maji yaelekezwe wapi, nikamwonyesha chini, kwenye mtaro. Akavuta uzi wake, kazi ikaendelea.

Jumapili, 10 Machi

Imekwisha. Sina budi kusema inapendeza. Nimetoka kanisani nikatembea ugani na viatu vyangu vya kisigino, ambavyo sikuwa nimevivaa nyumbani tangu ninunue. Mwenyekiti wa uga wa pili alipita langoni, akapunguza mwendo. Nilimwona.

Kilonzo aliona kamati inastahili kupongezwa, akatupeleka Soko la Burma kula nyama. Tulikula mbavu na mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama, wanaume wakapiga hadithi. Niliponyanyuka kwenda kunawa mikono nikapita nyuma, mahali wanapochemshia supu. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, na kuni zilizokuwa zikiwaka nilizijua kwa lile ganda lenye mabaka meupe. Ni magogo yetu. Aliyeyanunua kwa Kilonzo kumbe ndiye huwauzia kuni.

Nilisimama pale na maji yakinidondoka mikononi. Miaka yote ile mti ulikuwa ukifunga hewa kidogo kidogo, na sasa ilikuwa inapanda juu ya mapaa ya Burma kwa ajili ya supu ya watu wanaotaka kutoa ulevi. Niliporudi mezani Kilonzo alikuwa ameniagizia kikombe cha hiyo supu. Nilikinywa. Ilikuwa nzuri, na hilo linaniudhi mpaka sasa.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Miaka yote Muhiba hutandika mikeka chini ya mzambarau wakati wa magharibi, na anayepita, Mwislamu kwa Mkristo, huitwa aonje. Leo mahali hapo pameegeshwa gari la Kezia. Muhiba hakutandika popote. Lakini sahani yangu imefika, viazi vya karai na kaimati, imefunikwa kwa kitambaa kilekile cha kila mwaka.

Nimeirudisha na ndizi mbivu. Sikukaa.

Jumamosi, 16 Machi

Sahani. Tambi za sukari.

Jumatatu, 25 Machi

Jana mvua ilishuka kwa kweli. Leo asubuhi nimekutana na Muhiba langoni.

"Mbithe, maji yako yamekuja kunisalimia," akasema akitabasamu. "Yamefika kizingitini, yakasita, yakaondoka. Yana adabu."

Nikamwambia mtaro labda umejaa takataka. Kilonzo ametuma mtu kuuzibua. Kweli kulikuwa na mifuko na kandambili moja. Nimefurahi sana kuiona ile kandambili. Nimewaonyesha watu.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mvua. Mahubiri marefu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Sahani haikuja. Nimejiambia amechoka, mwezi unaelekea mwisho.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Nimekwenda kwa Muhiba na keki. Mlangoni pana magunia ya mchanga, na ndani busati limekunjwa limesimamishwa pembeni, ncha zake zimelowa. Alikuwa amejaribu kuficha kwa kulifunika leso. Mikono yake imechubuka kwa kukamua matambara. Mara ngapi maji yameingia sijui, na sikuuliza.

Jumbe alikuwa ameegemezwa mito, kanzu nyeupe, amenyolewa vizuri.

"Mwalimu," akaniita, maneno yakitoka polepole kama yanavyotoka siku hizi, "yule mti alikuwa mlevi. Alikuwa akinywa kutushinda sote."

"Bwana Jumbe, una maneno."

"Mtapanda mwingine?"

"Tutaona," nikasema.

"Hapa ndipo pangu, Mwalimu. Aqsa anataka nikakae kwake Mombasa. Mimi nimemwambia mwanangu, baba yako atatoka nyumba hii akiwa amebebwa."

Muhiba akamwambia asiseme maneno hayo siku ya Idi. Mimi nilipaswa kusema pole. Nilipaswa kusema, lile jibu nililowapa mkutanoni halikuwa jibu. Badala yake nimeisifu pilau, nikaisifu tena, mpaka Muhiba akanifungia nyingine ya kwenda nayo nyumbani.

Jumanne, 16 Aprili

Redio leo imetaja hewa yenye unyevu inayotoka magharibi, upande wa Kongo. Kwa mara ya kwanza sikugombana nayo. Somo hilo nililipenda kuliko yote. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba msitu mkubwa hujinyeshea wenyewe. Mvua inashuka, mti unakunywa, majani yanatoa jasho, jasho linakuwa wingu, wingu linasogea mbele kidogo na kunyesha tena. Tone moja linaweza kupita mikononi mwa miti mingi kabla ya kufika mbali. Kila mti unampa wa mbele yake maji kwa kipimo.

Sisi huku tumempa jirani wetu wa mwisho yote kwa mkupuo.

Nimemwendea Kilonzo nikamwambia tuitishe mkutano, tutoboe sehemu ya kabro pale katikati. Akanitazama kama nimemwomba figo.

"Mwalimu, hii kazi hata miezi miwili haijamaliza. Watu watatucheka. Wacha masika ipite, tutaona."

Hayo "tutaona" ni yangu, nilimwambia Jumbe hivyo hivyo.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Mkutano haujaitishwa. Kuitisha ni kazi yangu, si ya Kilonzo.

Jumatano, 24 Aprili

Naandika mkono ukiwa mzito.

Asubuhi mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri. Nilikaa dirishani na kikombe cha chai. Niandike pia hili: nilikuwa na raha. Maji yalikuwa yakipita mbele ya nyumba yangu safi kabisa, yakiosha vumbi lote la kabro, yakiteremka kwa mpango. Hakuna tope, hakuna dimbwi. Nikawaza, kazi nzuri.

Kisha nikasikia jina langu. "Mbithe! Mbithe!" Sijapata kumsikia Muhiba akipiga kelele tangu nimjue.

Nilitoka na kandambili, zikachukuliwa hapo hapo. Kufika katikati ya uga maji yalikuwa vifundoni, na kwake yalikuwa magotini. Mtaro wa nyuma ulikuwa umefurika, ukuta unazuia, na maji ya mapaa yetu yote yalikuwa yanaingia kwa mlango wake na kutafuta pa kutokea bila kupapata. Magunia ya mchanga yalikuwa yamesukumwa pembeni. Ndani friji imelala ubavu. Viatu, misahafu waliyokuwa wameiweka rafu ya chini, picha za harusi ya Aqsa, vyote vinazunguka polepole sebuleni.

Jumbe alikuwa kitandani, na godoro limeshanyonya. Muhiba alikuwa amemshika kwapani anajaribu kumwinua, na kila akimwinua miguu yake mwenyewe inateleza.

"Mshike miguu," akaniambia. "Mbithe, mshike miguu!"

Nikamshika. Alikuwa baridi. Sisi wawili ni vikongwe, hatukumfikisha popote. Tulimwinua, tukamrudisha, maji yakamfika kifuani alipokuwa mikononi mwetu. Jumbe hakulalamika. Alikuwa anatetemeka na anasema, "Taratibu, taratibu," utadhani sisi ndio wa kubembelezwa.

Aliyetuokoa ni Kezia. Aliingia na nguo zake za kazini, akapiga kelele mpaka Kilonzo na vijana wa nyumba ya nne wakaja, akawapanga. "Wewe hapa, wewe mgongo. Guka, shika shingo yangu. Twende!" Wakampandisha mzee wetu ngazi. Alipoona midomo yake imegeuka rangi hakungoja kuulizwa, akaenda kulileta gari langoni. Wakamteremsha tena, wakamlaza kiti cha nyuma na maji yote yale na tope, na yeye akatoka naye hospitali kupitia barabara ambazo nusu yazo zilikuwa mito. Huyu ndiye niliyemwandika hapa kwamba analalamika na kuhama.

Mimi nilibaki na Muhiba tukichota kwa ndoo. Mvua ilipopungua, maji yalitoka kwa kishindo mahali ukuta ulipobomoka, yakateremka kuelekea Mto Ngong', wanakoishi watu kwenye nyumba za mabati. Na wao wana mtu wa chini yao.

Nyumba yangu ni kavu. Chai nilikuta iko dirishani, imepoa.

Jumapili, 28 Aprili

Jumbe ana homa ya mapafu. Nimekwenda kumwona. Alikuwa amelala.

Najuta. Nimeliandika neno lenyewe ili lisiwe linazunguka tu kichwani.

Alhamisi, 2 Mei

Ametoka hospitali lakini si nyumbani. Aqsa amekuja kutoka Mombasa kumchukua babake. Daktari amesema chumba kile chenye unyevu asirudi, na vyumba vya juu hawezi kupanda. Kwa hivyo hana nyumba tena, ingawa nyumba ipo.

Walipita kuchukua nguo zake. Jumbe aliketi ndani ya teksi nje ya lango, kwa kuwa Aqsa hakutaka ashushwe. Nilikwenda dirishani kwake.

"Bwana Jumbe, nisamehe."

"Umefanya nini, Mwalimu?" akauliza, na kweli hakujua. Muhiba alikuwa hajamwambia kwamba mkutano ule wote ulinisubiri mimi. Amemficha mumewe kosa langu. Sikuwa na nguvu ya kulifichua, teksi ikaondoka.

Muhiba amebaki ili kuiuza nyumba.

Jumamosi, 4 Mei

Nimeitisha mkutano hatimaye. Jua lilikuwa linawaka. Nikawaeleza yote, yale marefu, na mishale nikaichora hewani kwa kidole. Nikasema tung'oe kabro pale katikati, tuchimbe shimo la kokoto, tupande mti, na tufungue ardhi kila penye nafasi. Nikasema pia kwamba nilijua tangu Februari.

Kisha Kilonzo, kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kelele zake:

"Mwalimu, pole. Umechoka. Lakini mvua si imeisha?"

Kezia aliinua mkono kuniunga mkono. Tulikuwa wawili. Muhiba hakuja mkutanoni, na sikumlaumu.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua, ndogo. Nimeshinda dirishani nikiitazama inakokwenda.

Jumanne, 14 Mei

Nimejaribu kung'oa mwenyewe. Niliazima sururu, nikatoa matofali machache pale palipokuwa na kisiki, kabla mgongo haujakataa. Kabla ya chakula cha mchana picha yangu nikiwa nimeinama ilikuwa imeshatumwa kwenye kikundi cha simu cha uga, imeandikwa: "Mwenyekiti anaharibu mali ya court." Jioni yalikuwa yamerudishwa, na mtu ameyamwagia saruji pembeni.

Ndete amenipigia simu akicheka. Mimi sikucheka.

Jumapili, 19 Mei

Siku ya tano bila mvua. Redio imesema masika yameondoka.

Leo mchana nilikuwa naanika nguo Muhiba aliponiita kutoka kwake. Si kwa kupaza sauti, alinipungia mkono tu. Nilishuka haraka, maana hajaniita tangu Aprili. Mlangoni alikuwa amesimama na mama kijana aliyebeba mtoto begani, na mumewe akikagua madirisha. Ni wanunuzi. Mama huyo anaitwa Filsan, wana duka la vitambaa Eastleigh, wanatafuta mahali penye utulivu. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi upya ndani, krimu, inang'aa.

"Huyu ndiye mwenyekiti wetu," Muhiba akasema. "Alikuwa mwalimu. Mwulize lolote kuhusu mtaa."

Niliyaelewa macho yake. Aqsa amekodi nyumba kubwa zaidi kwa ajili ya baba, dawa ni za kila siku, na wanunuzi hawapangi foleni. Wote waliotangulia walikuja, wakanusa, wakaondoka.

Filsan aliuliza habari za ulinzi, nikajibu. Akauliza habari za maji ya mfereji, nikajibu. Kisha akamhamisha mtoto bega, akanisogelea.

"Mwalimu, samahani. Mtoto wangu ana kifua. Nimeona hapa chini rangi ni mpya kuliko juu. Mvua ikinyesha, maji huingia?"

Muhiba alikuwa anatazama kabro.

Ningesema hapana, asingenilaumu mtu. Jua lilikuwa kali, ardhi kavu, na rafiki yangu angekwenda kwa mumewe. Mtoto alikuwa ananitazama huku akinyonya kidole.

"Yanaingia," nikasema. "Mvua kubwa ikija yataingia tena. Nyumba haina kosa. Sisi wa juu ndio tulioziba ardhi."

Filsan alinishukuru. Alimshukuru na Muhiba pia, kwa adabu, na mumewe akasema watapiga simu. Tuliwasindikiza kwa macho mpaka langoni. Hawatapiga.

"Muhiba," nikaanza.

"Mwezi wa pili nilikuuliza swali hilohilo," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Mbele ya watu wote, Mbithe. Jibu ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Ukaninyima mimi. Leo umempa mtu usiyemjua hata jina la mamake."

Nilitaka kumwambia kuhusu mtoto na kifua chake, na kwamba nisingeweza kulifanya jambo lile mara mbili. Lakini yote hayo alikuwa anayajua. Aliingia ndani akafunga mlango polepole, na nikasikia kitasa.

Nikapanda nyumbani kwangu. Kwangu hakujawahi kuingia hata tone.